"Tufomati Tu": Vile Eastlands Ilizoea Kupoteza Faili

Kuna sentensi mbili ambazo mtu yeyote aliyekulia Eastlands amewahi kuambiwa na fundi wa kompyuta. Ya kwanza ni "ilianguka?" Ya pili ni "hii tutafomati tu." Ya kwanza sina shida nayo. Ya pili ndiyo imenifanya niandike hii post, juu naamini imekula kumbukumbu nyingi za huu mtaa kuliko moto na mafuriko. Picha za graduation, CV, hesabu za chama, tanzia za mazishi, beats za wasee waliokuwa na ndoto za studio. Zote zimeenda kwa sababu fundi alikuwa na haraka na mwenye mashine hakujua kuna njia nyingine.

Njia nyingine iko, na ni ya zamani kuliko wengi wetu. Lakini ili uielewe lazima ujue ni nini hasa huwa kimeharibika.

Shida yenyewe inakuja hivi. Unawasha kompyuta, unaweka paswadi, na badala ya kuona picha yako ya ukutani na faili zako, unapata skrini mpya kabisa kama ya mashine iliyotoka dukani. Kando kunatokea ujumbe kwamba umeingia kwa profaili ya muda. Ama inakataa kabisa kukuingiza, inasema huduma ya profaili imeshindwa. Watu wengi hapo moyo unaanguka. Wanadhani kila kitu kimefutika. Kumbe mara nyingi faili ziko palepale zilipokuwa. Kilichoharibika ni kitabu kidogo kinachomwambia Windows wewe ni nani na unapenda vitu vyako vikae vipi.

Sasa, hiyo idea ya kwamba mashine inafaa kukujua ilitoka wapi? Kompyuta za kwanza hazikujua mtu. Ulipeleka kazi yako ikiwa imetobolewa kwa kadi, ukangoja. Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo shida ya mtaa ikazaliwa: kama wote tunatumia mashine moja, faili zangu zitatenganishwa vipi na zako? Wakampa kila mtu akaunti, sehemu yake ya kuweka faili, na paswadi.

Na kila mtu alipewa masaa yake. Kama saiba tu. Mwanafunzi mmoja wa PhD, Allan Scherr, alikuwa na masaa manne kwa wiki na hayakumtosha. Mwaka 1962 akaomba mashine imchapishie faili lililokuwa na paswadi za kila mtu, mashine ikatii, akaanza kutumia masaa ya wengine. Alikiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Nikisoma hiyo stori huwa nacheka, juu hiyo ni tabia ninayoijua vizuri sana, na sikuijulia Marekani.

Halafu mwaka 1966 mfumo huo huo ukachanganya mafaili mawili. Faili la paswadi likabadilishana na faili la ujumbe wa siku, kwa hivyo kila aliyeingia alisalimiwa na orodha ya paswadi za watu wote. Hakukuwa na mwizi yeyote. Programu ya kuhariri ilikuwa inatumia jina moja la faili la muda, watu wawili wakahariri kwa wakati mmoja, basi. Nataja hili kwa sababu fundi wa mtaa atakwambia profaili ikiharibika ni virusi. Inaweza kuwa virusi. Lakini tangu mwanzo vitabu vya watumiaji vimekuwa vikiharibika kwa sababu za kijinga kabisa.

Miaka ya nyumbani ilibadilisha mambo. Windows 95 ilikuwa na dirisha la kuuliza jina na paswadi, lakini ukibonyeza kitufe cha kughairi, inakufungulia tu. Lilikuwa kama mlango wa kioski uliofungwa na kamba. Upande wa maofisini, Windows NT ilikuwa imeshatoka mwaka 1993 ikiwa na akaunti za ukweli, na kufikia NT 4 ya mwaka 1996 kila mtumiaji alikuwa na folda yake, na ndani yake faili moja linaloitwa NTUSER.DAT. Shika hilo jina. Mwaka 2001 Windows XP ikaleta huo mfumo wa ofisini mpaka kwa watu wa kawaida, na tangu hapo karibu kila kompyuta ya Windows uliyowahi kugusa imekuwa na hilo faili, limefichwa, moja kwa kila akaunti.

NTUSER.DAT ndilo kile kitabu nilichosema. Ukiingia, Windows inalifungua na kulishikilia muda wote unaofanya kazi, na linaandikwa kila saa. Rangi zako, printa yako, programu zako, faili ulizofungua jana. Likikatizwa vibaya katikati ya kuandikwa, linaweza kubaki nusunusu. Sasa niambie ni wapi duniani mashine hukatizwa katikati ya kazi kila wiki.

Stima. Hapo ndipo historia ya profaili inapokutana na Donholm, Kayole, Dandora na Umoja. Mashine nyingi za mtaani ni za mezani, ex-UK, zisizo na betri. Stima ikipotea hakuna kwaheri. Halafu inarudi, inapotea tena baada ya sekunde kumi, na mashine ilikuwa inawaka. Hadi diski ngumu yenyewe inaanza kuzeeka na kupata madoa ambayo hayasomeki, na doa likiangukia kitabu, ndiyo hiyo.

Na saiba zikaongeza yao. Wadogo zangu mnaosoma hii huenda mnajua saiba kama mahali pa kuprinti na kuomba HELB, lakini kuna wakati saiba ndiyo ilikuwa intaneti. Kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Kenya mwaka 2009, na kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, polepole na kwa bei. Kebo zikaja, bei ikashuka mpaka bob moja kwa dakika, na kila stage ikawa na saiba. Kwa kila mashine akaunti moja. Wote tukaingia kwa jina lile lile, tukaweka vitu vyetu kwa desktopu ile ile: CV ya Otieno, barua ya chama ya Mama nani, assignment ya mtoi wa Form Three. Wenye saiba wajanja waliweka Deep Freeze, programu inayorudisha mashine ilivyokuwa kila ikizimwa na kuwashwa. Ilikuwa dawa nzuri ya virusi, na ilikuwa somo chungu kwa aliyesevu kazi kwa desktopu akaenda kununua smokie.

Virusi navyo vilisafiri kwa flashi. Hizo ni enzi za Conficker, kuanzia mwaka 2008, na wenzake waliokuwa wakifanya folda zako zote zigeuke njia za mkato zisizofunguka. Mpaka mwaka 2011 Windows XP ilikuwa inarahisisha sana programu za kwa flashi kujifungua, ndiyo maana flashi moja ingezunguka mtaa mzima kama mafua.

Katika mazingira hayo, kufomati kulikuwa na mantiki. Sitawadanganya, nawaelewa mafundi wa enzi hizo. Fundi analipwa kwa mashine, halipwi kwa masaa. CD ya Windows iko mfukoni, ya River Road, haina maswali. Kufomati kunachukua saa moja na kila mara kunafanya kazi. Kutafuta kilichoharibika kunaweza kuchukua mchana wote na mwenye mashine bado anataka kulipa bei ile ile. Basi sentensi ikawa desturi, na desturi ikarithiwa na mafundi wadogo ambao hawakuambiwa sababu.

Na hapa niseme kitu ambacho labda kitaonekana mbali, lakini kwangu ni stori moja. Eastlands yenyewe imefomatiwa mara kadhaa. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na waliokuwa na nyumba zao pale wakasukumwa Shauri Moyo. Mwaka 1990 Muoroto, kando ya stage ya Machakos, ikaangushwa na tingatinga. Kila mara wazo ni lile lile: ni haraka kusafisha kuliko kuuliza ni nani alikuwa anaishi hapa na alikuwa na nini.

Tena watu wa hapa walijua profaili kabla ya kompyuta. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, kazi alizofanya, mshahara, na saini ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri asipokusaini, hujaacha kazi, umetoroka. Ndani ya kipande, maisha yako yaliandikwa na watu wengine. Kama rekodi imeharibika, kwa bahati mbaya au kwa roho mbaya, hukuwa na akaunti mpya ya kuhamia. Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu kwa Hazina ya serikali hapa Nairobi, alipinga kipande pamoja na kodi na kazi za lazima. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa. Barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku Road. Tukiwa na haraka ya kwenda CBD huwa tunaikata bila kufikiria.

Serikali huru nayo imejaribu kutuhamisha kwa akaunti mpya. Huduma Namba ilisajili watu kwa wingi Aprili na Mei 2019. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema mpango unaweza kuendelea ila tu kukiwa na sheria za kutosha za kulinda data, na Oktoba 2021 ikasema kadi zilitolewa bila kupimwa kwanza hatari kwa data za watu, kinyume cha sheria ya data ya mwaka 2019. Sasa tuko kwa Maisha Namba. Wanubi na Wasomali wa Kenya, ambao walizoea kuhojiwa zaidi kabla ya kupewa kitambulisho, walikuwa na swali rahisi tangu mwanzo: kama kitabu cha zamani hakikuwa na jina langu vizuri, mtahamisha nini?

Hilo swali ndilo swali la profaili. Unahamisha nini, na unaacha nini?

Niwape mfano wa karibu. Kuna mama anaendesha saiba ndogo huku kwetu Umoja. Mashine yake moja, ile anayokalia mwenyewe, ilikuwa na folda za wateja za miaka nane. Mtu akipoteza simu na CV yake, anarudi kwa huyo mama. Familia ikipoteza mtu, anafungua tanzia ya zamani, anabadilisha majina na picha, anawaprintia usiku. Asubuhi moja baada ya stima kuyumba, mashine ikamfungulia skrini tupu. Fundi wa kwanza alikuja, akaangalia dakika mbili, mnajua alisema nini. Mama akamwambia angoje kwanza, akanipigia.

Kitu cha kwanza nilimwambia ni asifanye kazi yoyote kwa ile skrini tupu. Profaili ya muda hufutwa ukitoka. Ukiandika barua ndani yake ukaisevu kwa desktopu, ukizima mashine barua imeenda. Watu wengi hupoteza kazi mpya wakiwa wanalilia ya zamani. Cha pili, tukazima na kuwasha mara mbili tatu, kwa sababu wakati mwingine kitabu kilikuwa kimeshikiliwa tu na programu nyingine, kama antivirusi, na kinafunguka baadaye. Hakikufunguka.

Basi tukaenda kwa diski yenyewe, folda inayoitwa Users, na jina lake lilikuwa pale. Ndani, folda zote nane za miaka. Huyo mama alikaa chini. Alisema "Asante Yesu" kwa sauti ambayo wateja waligeuka.

Kuhamisha kwenyewe si uchawi. Tulitengeneza akaunti mpya, tukaingia nayo mara moja ili Windows iijengee folda yake, tukatoka. Halafu tukaingia kwa akaunti ya tatu, yenye mamlaka ya msimamizi. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo muhimu, maana huwezi kusogeza vizuri vitu vya nyumba ukiwa umesimama juu yake. Kutoka hapo tukakopi nyaraka, picha, desktopu na vilivyopakuliwa, kutoka folda ya zamani kwenda mpya. Tukaacha NTUSER.DAT na ndugu zake wote wanaoanza na jina hilo. Ukiwabeba hao, umebeba ugonjwa ukauweka kwa nyumba mpya, kisha utashangaa mbona akaunti mpya nayo inakataa.

Nilisema kukopi. Usikate. Faili ukilikopi linachukua ruhusa za mahali linapofika, lakini ukilikata na kulibandika ndani ya diski ile ile linaweza kuja na ruhusa zake za zamani, yaani bado linaamini mwenyewe ni yule wa akaunti iliyokufa, na utaambiwa huna ruhusa ya kufungua CV uliyoiandika kwa mkono wako. Tena ukikopi, ya zamani inabaki kama akiba. Yake tuliiacha mwezi mzima bila kuigusa.

Vitu vingine havikuja. Paswadi alizokuwa amezihifadhi ndani ya Chrome zimefungwa kwa kufuli linalotegemea akaunti ya Windows ya zamani na paswadi yake. Ukibeba folda ya Chrome kama mzigo, alamisho zinakuja, paswadi zinabaki zimefungwa. Na hapo ndipo niliona shida kubwa kuliko ile niliyoitiwa. Ndani ya hiyo Chrome kulikuwa na paswadi za wateja. Tangu eCitizen ianze mwaka 2014, na iTax enzi hizo hizo, nusu ya mtaa ilifunguliwa akaunti zao za serikali na mtu wa saiba. Yeye ndiye alitengeneza barua pepe, yeye ndiye alichagua paswadi, wakati mwingine namba ya simu ya kurejesha akaunti ni yake. Huyu wetu ni mwaminifu. Alikuwa na daftari la counter books, safu tatu, ameandika kila kitu kwa kalamu, kwa hivyo hakuna mteja aliyekwama. Lakini mzee wa miaka 60 ambaye PIN yake ya KRA inajulikana na kompyuta moja tu Umoja, na hiyo kompyuta haiwezi tena kuisoma, huyo yuko kwa kikebe cha shingoni bado, tofauti ni kwamba hakioni.

Kwa hivyo kama mama yako au shosh alifunguliwa akaunti na mtu, wiki hii kaa naye, badilisha namba ya kurejesha iwe yake, na paswadi iandikwe mahali anapopajua yeye. Inachukua nusu saa na usumbufu wa kungoja OTP.

Pia mafundi wa kwetu: najua mnanisoma. Simaanishi msifomati kamwe. Diski ikiwa inakufa, ama mashine imejaa virusi mpaka kwa mizizi, fomati. Lakini kopi kwanza, na muulize mwenye mashine anataka nini kabla hamjagusa kitufe. Mkitoza pesa kidogo zaidi kwa kuhamisha profaili, watu watalipa. Huyo mama alilipa bila kubargain, na nyote mnajua wamama wa Umoja kwa kubargain.

Na kazi hiyo inakuja kwa wingi. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kizazi cha nane za Intel, na zile ex-UK zilizojaa saiba zetu, nyingi ni za kizazi cha tatu na cha nne. Wengine watabaki nazo hivyohivyo kama tulivyobaki na XP miaka na miaka baada ya Aprili 2014. Wengine watanunua nyingine ya mkono wa pili, na kila moja itabidi mtu akae mbele ya folda ya Users ya zamani aamue kinachovuka. Yule mama ameshaanza kukopi zake kwa diski ya nje, folda moja kila jioni akifunga.